Kuogelea kwenye madimbwi ya maporomoko Lindi na Mtwara: hatua kwa hatua

Ukisema unakwenda kuogelea Kusini, kila mtu anakuwazia baharini: Msimbati, Mikindani, Kilwa, ufukwe wa Lindi mjini. Wachache wanaifikiria bara. Lakini shika barabara ya Mnazi Mmoja kwenda Masasi, pita Mtama, pita Nyangao. Utakuwa unasafiri ndani ya bonde la mto Lukuledi, kushoto kwako ukuta wa uwanda wa Makonde, kulia kwako milima ya Rondo, na pande zote mbili maji yanashuka.

Juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde hakuna mito ya kueleweka. Mvua ikinyesha, udongo wa kichanga unaimeza. Ndiyo maana kwa miaka mingi akina mama wa Newala na Tandahimba walikuwa wakishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Maji yaliyomezwa juu hutokea chini kwenye chemchemi za kingo, kama zile za upande wa Ndanda, au za Mitema ambako mradi wa maji wa Makonde unayasukuma yarudi juu kwa watu. Kijito kinachotoka kwenye kingo za namna hiyo kikikuta mwamba mgumu, kinaruka, na pale kinapoangukia kinachimba dimbwi. Dimbwi hilo ndilo mwongozo huu unalihusu.

Nayapenda maji haya kuliko bahari. Hayana chumvi, yana kivuli, na mwezi wa saba yana ubaridi unaokuamsha mwili mzima. Kwa kuwa nayapenda, inaniuma kila mwaka nikisikia kijana aliyekwenda "kuoga kidogo tu" amerudishwa amebebwa. Nitakayoyasema hapa chini yanaweza kufanywa na mtu yeyote, na karibu yote yanafanyika kabla hujalowa.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingine unavuka hadi Mei. Ndani ya miezi hiyo usiende kuogelea kwenye maporomoko, hata kama leo jua linawaka. Mvua inaweza kunyesha huko juu usikokuona, maji yakakufikia wewe uliye chini ya anga jeupe. Na usidhani Mei imeshatulia. Kimbunga Hidaya kilitufikia mwanzoni mwa Mei 2024, na barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika kule Somanga. Wazee wa Lindi wana habari za kimbunga cha Aprili 1952. Mwisho wa masika si wakati wa kuchezea mito.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenyewe. Mvua imekatika, tope limetuama, na chemchemi bado zina nguvu, kwa hiyo maji ni mengi na bado unaona chini. Ikifika Septemba na Oktoba vijito vingi vinakonda, dimbwi linabaki limesimama bila maji mapya ya kulisafisha, na hapo kichocho kinapata makao. Nitakirudia mwishoni.

Siku mbili tatu kabla ya safari sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uusikilize kwa ajili ya kule maji yanakotoka. Ukiwa unakwenda chini ya Rondo, mvua ya Rondo inakuhusu kuliko ya Lindi mjini.

Hatua ya pili: waulize wenyeji, na uulize maswali yenye majibu

Fika kijijini kwanza. Mtafute mwenyekiti wa kitongoji, au mzee yeyote aliyekaa barazani, umwamkie, ukae ulipoonyeshwa, ueleze mmetoka wapi na mnataka nini. Hii si adabu peke yake. Mto una historia, na wanaoijua ni hawa.

Kosa la wageni wengi ni kuuliza, "Babu, pale ni salama?" Mgeni akiuliza hivyo, mzee hataki kumkatisha tamaa, atasema, "Salama tu, mjukuu wangu, karibuni." Uliza hivi: Watoto wa hapa wanaogelea sehemu gani? Sehemu gani hawaendi? Kuna mtu aliwahi kuzama? Alizamia upande upi? Maji yakija ghafla, huwa mwezi gani, na mnajuaje? Mamba alionekana lini mara ya mwisho? Maswali haya hayajibiki kwa "salama tu". Mara nyingi mzee atanyamaza kidogo, kisha atamwita mtu mwingine waje wajibizane, na katika kujibizana kwao utapata yote unayoyahitaji. Kama wanasema watoto hawaendi upande wa ule mwamba mkubwa, na wewe usiende, hata kama macho yako hayaoni sababu.

Kuna mengine ya kuuliza kwa heshima. Pengine maji hayo ndiyo yanayonyweka kijijini, na bomba au mahali pa kuteka ni hapo hapo. Pengine ni mahali pa matambiko. Na kama ni msimu wa jando na unyago, ambao siku hizi huangukia likizo za shule, sehemu fulani ya mto inaweza kuwa na wenyewe kwa wiki kadhaa. Ukiambiwa "huko sasa hivi hapaendwi", usiulize zaidi. Geuza, urudi mwezi mwingine.

Omba upewe kijana wa kuwapeleka, na umlipe vizuri. Anaijua njia, anaijua miamba, na kukitokea jambo yeye ndiye atakayekimbia kuita watu wakamsikiliza.

Msitu wa hifadhi una utaratibu wake. Rondo ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kibali kinachukuliwa kabla ya kuingia. Kwa upande wa Liwale, ukishaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kuogelea kwa kujiamulia sahau kabisa.

Kuhusu mamba sina maneno mengi. Ruvuma usiogelee. Si kwenye kina, si kwenye kifundo cha mguu, si kuvuka kwenda kwenye kisiwa cha mchanga kupiga picha. Mto ule una mamba na viboko, na mamba anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima bila kuonekana, kwa hiyo kusema "tumetazama hatujaona kitu" hakumaanishi chochote. Sheria hiyo hiyo ifuate kwenye mto wowote mpana, wenye maji mazito ya polepole na kingo za tope. Ninaozungumzia hapa ni vijito vya miamba vilivyo juu, vyenye maji unayoona chini yake. Hata huko, ukikuta mburuzo mpana kwenye tope la ukingo, kama kitu kizito kimeteleza kuingia majini, funga mizigo yako.

Hatua ya tatu: unachobeba

Kamba ya manila, nene ya kushikika kwa mkono uliolowa, mita 15 hadi 20. Dumu tupu la lita tano lenye kifuniko kinachokaza. Hivi viwili ndivyo vya lazima, na havifiki bei ya chakula cha mchana cha watu wanne. Funga kamba kwenye mkono wa dumu, kisha tia maji kidogo ndani, kama kikombe kimoja. Dumu tupu kabisa upepo unalirudisha, lenye maji kidogo linaruka linakoelekezwa, na bado linaelea na kumbeba mtu mzima akilikumbatia. Kabla ya watu kuingia majini, kila mmoja alirushe mara mbili tatu akilenga jiwe fulani. Siku ya haja mkono utakuwa unatetemeka, afadhali uwe umeshazoea.

Viatu vya kamba au raba kuukuu zenye soli inayoshika. Kandambili ziache kijijini. Filimbi, kwa kuwa chini ya maporomoko sauti ya mtu haisikiki hata akipiga kelele hatua kumi kutoka ulipo. Simu kwenye mfuko wa nailoni, na mkiwa njiani angalieni mtandao unapokatikia, ili mjue mtu akimbilie wapi kupiga. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya polisi ni 112.

Nguo niseme kwa kina kidogo, maana dada zetu wanateseka hapa. Watu wa Kusini wanajisitiri, na ni vizuri mgeni naye ajisitiri. Lakini khanga au kitenge kilichofungwa kiunoni kikilowa kinavutwa na maji, kinajisokota miguuni, na mguu uliofungwa hauogelei. Vaa suruali ya kubana na fulana ya mikono, khanga iache kwenye jiwe ikusubiri ukitoka. Dera, hijabu ndefu na baibui navyo ni hivyo hivyo. Kwa hijabu vaa fupi inayobana kichwani. Vijijini kwingi wanawake wana sehemu yao ya kuogea na wanaume yao. Ulizeni, mgawane sehemu au zamu.

Chakula beba, au nunua njiani ming'oko ya kuchemsha, utaipenda baada ya maji ya baridi. Pombe usibebe. Kuanzia Septemba mabibo yakishaanza, uraka unapatikana kila kona na kila mtu anakukaribisha. Unywe jioni mkisharudi, kama unakunywa.

Hatua ya nne: nusu saa ya kwanza, keti utazame

Ningekuwa na uwezo wa kumsisitizia msomaji hatua moja tu, ningechukua hii. Mkifika, mmetoka jasho, maji yanameta, kila mtu anataka kuvua viatu. Ketini. Nusu saa nzima hakuna anayeingia.

Kwanza chomeka kijiti ukingoni, pale pale maji yanapoishia, au weka alama kwenye jiwe kwa mkaa. Huyo ndiye mlinzi wenu wa siku nzima. Mkiona maji yamepanda vidole viwili juu ya alama na hakuna mvua, jueni mvua iko mahali. Dalili nyingine za maji yanayokuja ni hizi: maji meupe yanaanza kuwa ya chai; majani mabichi na vijiti vinapita kwa wingi; mvumo wa maporomoko unakuwa mzito kuliko mlivyoukuta. Dalili moja ikitokea, wote nje, wote juu, mbali na mto. Usisubiri ya pili, usirudi kuchukua ndala. Na msivuke kwenda upande wa pili kwa sababu njia ya nyumbani iko huko. Kaeni upande mliopo mpaka maji yapungue, hata ikiwa ni kulala.

Kisha okota jani kubwa bichi au kipande cha kijiti, ukitupe pale maji yanapoangukia, utazame kinakwenda wapi. Rudia upande wa kushoto, upande wa kulia, katikati. Dimbwi litakueleza tabia yake lenyewe. Kuna mahali kijiti kitasafiri kwenda chini kwa utulivu. Kuna mahali kitazunguka na kuzunguka kwenye kona ya mwamba. Na kuna mahali, hasa chini ya maporomoko yenyewe, kijiti kitakwenda kidogo kikielekea nje, kisimame, halafu kianze kurudi kuelekea kwenye maporomoko, kizame, kiibuke, kirudi tena.

Huko kurudi ndiko kunakoua waogeleaji wazuri. Maji yanayoanguka yanapiga chini kwa nguvu, yanapita chini chini kwenda mbele, na maji ya juu yanarudi nyuma kujaza nafasi iliyoachwa. Mtu aliye juu anapiga mikono kutoka nje, na maji ya juu yanamrudisha ndani, mpaka nguvu zinamwishia. Juu ya hilo, maji meupe ya mapovu yamejaa hewa, kwa hiyo hayakubebi kama maji ya kawaida. Unazama zaidi kwa mwili ule ule. Kwa hiyo chora mstari machoni mwako: povu linapoanzia, ndipo kuogelea kunapoishia. Picha ya kusimama chini ya maji yanayoanguka ni nzuri, lakini ipigwe kwenye maporomoko madogo yanayokufikia begani, ambako umesimama kwenye mwamba unaouona.

Tazama pia maji yanatokea wapi kutoka kwenye dimbwi. Kama hatua ishirini chini kuna maporomoko mengine, dimbwi lile si la kuogelea hata likiwa limetulia vipi. Tazama magogo na matawi yaliyokwama: maji yanapita katikati yake, wewe hupiti. Inua macho juu ya genge, utafute masega ya nyuki. Nyuki wa magenge wanachukia moshi na kelele, kwa hiyo msiwashe moto chini yao, na mkishaona masega, afadhali mhame.

Hatua ya tano: pima kina

Maji masafi yanadanganya. Mwanga ukiingia majini unapinda, na dimbwi la mita 4 linaonekana kama mita 3. Asiyejua kuogelea anaona chini pale, mchanga unang'aa, anadhani atasimama, anakanyaga hewa. Kata mwanzi mrefu au ombeni kijiji wawaazime, mtu mmoja apite ukingoni akichoma chini kila hatua. Mahali mwanzi hauliwezi, funga jiwe kwenye kamba, lishushe, uhesabu kamba kwa mikono. Mnatafuta vitu viwili: sehemu ya kusimama ina ukubwa gani, na inakatika wapi. Chini ya maporomoko hukatika ghafla, maana ni shimo lililochimbwa na maji. Chomeka vijiti kuonyesha mpaka, na wasiojua kuogelea wabaki ndani ya vijiti.

Kipimo cha mwaka jana hakitumiki. Masika yanasogeza mawe makubwa kuliko magunia ya korosho.

Hatua ya sita: kuingia

Ingia ukiwa umekaa. Mwamba wenye utando wa kijani unateleza hata ukiwa na viatu, na wengi wanaoumia maporomokoni hawajafika majini bado. Keti, tanguliza miguu, jiteremshe taratibu. Jimwagie maji kifuani na usoni kwanza ili pumzi ikae sawa. Mwezi wa saba asubuhi maji ya chini ya Rondo yanakata pumzi, na anayekatika pumzi huku kichwa kiko chini ya maji anayameza.

Mtu mmoja abaki nchi kavu na kamba na dumu mkononi, macho majini, bila simu. Badilishaneni kila baada ya muda mfupi. Watoto wawe na mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika kwa kunyoosha mkono. Anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Anakuwa wima, kichwa nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inasukuma chini, kimya. Kwa mtoto ni muda mfupi sana, haufiki hata dakika moja.

Kwenye mkondo unaokwenda kasi usisimame ikiwa maji yamepita magoti. Mguu ukiingia katikati ya mawe mawili, maji yanakulaza kifudifudi na mguu hautoki. Maji yakiongezeka mwendo mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne, kwa hiyo usijilinganishe na mlivyovuka asubuhi. Ukichukuliwa, lala chali, miguu mbele na vidole juu ya maji, piga kasia kwa mikono ukielekea ukingoni kwa mshazari mpaka ufike maji ya polepole.

Na ukijikuta umevutwa kuelekea povu? Usishindane nalo kwa kurudi ulikotoka. Ogelea kwa upande, kushoto au kulia, kulifuata genge. Maji yanayorudi yana mwisho pembeni. Ukizamishwa, vuta pumzi kabla, jikunje, uyaache yakupeleke: yale ya chini yanakwenda nje, na mara nyingi yatakuibua mbele zaidi. Ni ngumu kulikumbuka ukiwa ndani, kwa hiyo waambie wenzako kwa sauti mkiwa mmekaa kwenye ile nusu saa.

Kuruka kutoka juu. Najua vijana mtaruka, kwa hiyo sikilizeni. Mtu anayeruka kutoka mita 3 anayapiga maji kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 10 ni kama kilomita 50, mwendo wa gari linalopita kijijini. Akikutana na jiwe kwa mwendo huo kichwa kikiwa mbele, shingo inavunjika, na kinachofuata ni kiti cha magurudumu au kaburi. Kwa hiyo kichwa kisitangulie kamwe. Miguu tu, baada ya dimbwi kupimwa kwa kamba siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, na eneo la kuangukia liwe wazi pande zote. Kama huwezi kupima, huruki. Kuona watoto wa kijiji wanaruka si ruhusa: wao wanajua jiwe liko wapi, na ni wepesi kuliko wewe.

Mtu akizama

Usimfuate kwa kuogelea kama hujafundishwa kuokoa. Anayezama anakukwea, mnakwenda wote. Mwite kwa jina, mrushie dumu lipite kichwa chake kidogo ili kamba imwangukie, kisha vuta ukiwa umelala chini au umekaa. Kama yuko karibu, mnyooshee mwanzi ule wa kupimia. Wakati huo mwingine apige filimbi na kijana mwenyeji akimbilie kijijini.

Akitolewa na hapumui, usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo kutoa maji. Dakika zinapotea, na matapishi yanaingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu kichwa kielekee nyuma, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi tano, kila moja mpaka uone kifua kinapanda. Kisha weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 30 kwa haraka inayofikia mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pumzi mbili. Tena 30. Endelea, mkipokezana, mpaka apumue au mtu wa afya afike. Akipumua, mlaze ubavu, mfunike.

Aliyezama akaokolewa lazima apelekwe hospitali, hata akisema yuko sawa na anataka kula. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumkaba saa kadhaa baadaye, usiku, watu wamelala. Kwenye barabara ile ya Masasi kuna hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda. Lindi mjini ni Sokoine, Mtwara mjini ni Ligula. Mjue iliyo karibu nanyi kabla hamjaanza kupanda kwa miguu.

Hatua ya mwisho: kichocho

Sabuni na shampuu zibaki kijijini, na kojoeni mbali na mto. Chini yenu kuna mtu anateka maji ya kunywa. Kichocho nacho huanzia hapo hapo: mayai yanatoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa, yanaanguliwa majini, vijidudu vinaingia kwenye konokono, vinatoka vingine vinavyopenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache, bila kidonda wala maumivu. Konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani ukingoni. Kwenye maji yanayopiga kasi juu ya mwamba hawakai vizuri. Kwa hiyo dimbwi la juu, lenye maji mapya, lina hatari ndogo kuliko lile tulivu la chini ambako watu wanafua na watoto wanashinda. Hatari ndogo, sijasema hakuna. Kwa kichocho cha mkojo, vijidudu huwa vingi majini jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ogeleeni mapema. Mkitoka jifuteni kwa nguvu kwa taulo kavu: haikulindi kikamilifu, lakini ni bora kuliko kukauka kwa jua.

Usikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, na michanga inaponyoka, ukabaki unajidhania umepona. Subiri wiki sita hadi nane, kisha nenda kituo cha afya ukawaambie umeogelea mtoni. Kwa kipimo cha mkojo nenda kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndio wakati mayai yanapotoka kwa wingi, na umpe mtaalamu mkojo wa mwisho mwisho, ambao ndio wenye mayai. Ukiona damu kwenye mkojo kabla ya hapo, au homa na mwasho usioeleweka, usisubiri wiki hizo. Na kama kijana wako anakojoa damu na mtu anakwambia ni kubalehe, mpeleke kupimwa siku hiyo hiyo. Dawa ipo, ni vidonge vinavyohesabiwa kwa uzito wa mtu na kumezwa siku moja, ameze akiwa ameshakula.